Nani Alisema Vikaragosi ni vya Watoto?

Beste yangu anasomea sanaa za maonyesho hapa Nairobi, yuko mwaka wa mwisho. Mwezi wa tatu mhadhiri wao aliwapa kazi ya kufunga kozi: kila mtu aongoze mchezo mmoja wa dakika 40, achague mtindo wake, atafute waigizaji wake, ajipange. Yeye akasema anataka kutumia vikaragosi. Mhadhiri akamwangalia kidogo, halafu akamwambia mbele ya darasa, "Hiyo ni ya watoto na ya enjio." Darasa likacheka. Yeye pia akacheka. Usiku saa tano akanipigia simu akilia.

Sasa mimi si mtu wa kuulizwa mambo ya chuo. Niliacha mwaka wa pili, na hiyo ni stori ya siku ingine. Lakini hayo maneno yamenikwama kooni karibu miezi miwili, kwa hivyo leo nayatapika hapa.

Nitakuwa mkweli kwanza: mhadhiri hakuyatoa hewani. Hebu jiulize, mara ya mwisho kuona kikaragosi ilikuwa wapi? Labda shule ya msingi, watu wakaja na pazia, vikaragosi vikaimba kuhusu kunawa mikono, mkapiga makofi mkarudi darasani. Tangu miaka ya 1990 kulikuwa na CHAPS, yaani Community Health Awareness Puppeteers, wakizunguka na vikaragosi kuongea na watu kuhusu Ukimwi na kupanga uzazi. Na msicheke, ile kitu ilikuwa na akili. Simama wewe katikati ya soko utaje kondomu mbele ya mama mkwe wako tuone. Kikaragosi kikitaja, watu wanacheka, halafu wanabaki hapo wanasikiliza.

Halafu ikaja XYZ Show, 2009, Citizen TV. Gado, yule mchoraji wa katuni, alikuwa amevutiwa na kipindi cha Ufaransa kinaitwa Les Guignols de l'info, akaona mbona sisi tusiwe na chetu. Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, siasa sielewi hata moja, lakini nakumbuka baba yangu alivyokuwa anacheka akiona Kibaki na Raila wa mpira wakibishana. Baba yangu hachekangi. Kwa nyumba yetu hakuna mtu alikuwa anamsema rais kwa sauti, lakini kikaragosi kilimsema na hakuna mlango uliogongwa.

Kwa hivyo sisi Wakenya tunajua vizuri sana kikaragosi kinafanya nini. Kinasema kile mtu mwenye uso na jina na kitambulisho hawezi kusema. Tunajua. Ila tumekipa kazi mbili tu, kufundisha afya na kuchekesha wanasiasa. Wapo wasanii wachache wanaofanya zaidi ya hapo, heshima kwao, lakini simama stegi yoyote ya matatu uulize watu kumi kikaragosi ni nini. Nusu watakuambia ni doli. Nusu watakuambia jina la mbunge wao.

(Na kwa njia, hata neno lenyewe halikuanza kama neno la watoto. Karagosi limetoka kwa Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, jina lake maana yake ni jicho jeusi. Mdomo mchafu, mkorofi, mtu wa kuwasema wakubwa. Watu wazima ndio walikuwa wanakaa usiku kumtazama. Doli ni mwanasesere, hilo ni neno lingine kabisa.)

Tumrudie beste yangu. Baada ya kulia alifanya kile sisi wote hufanya: akaingia kwa simu kutafuta msukumo. Wiki mbili. Bando zote ziliishia hapo. Aliangalia The Lion King ya Broadway, ile ya Julie Taymor ya 1997, akataka twiga. Kisha akaangalia War Horse ya London ya 2007, farasi mzima anayeendeshwa na watu watatu, mmoja kichwani, mmoja kifuani, mmoja nyuma, akaachana na twiga akataka ng'ombe. Akaingia Japani, kwa Bunraku ya Osaka, akashinda huko siku tatu. Kwa simu yake kulikuwa na picha 300 na zaidi. Kila tukikutana ana wazo jipya, na kila wazo lilikuwa zuri, na hakukuwa na mchezo.

Hapa nina maoni na sitayapunguza. Tunapoambiwa "tafuta msukumo" tunafungua programu. Mimi pia. Natengeneza video kila wiki, na nikikwama mkono unaenda kwa simu kabla akili haijajua. Unachopata huko ni jibu la mtu mwingine kwa swali lake. War Horse ni farasi kwa sababu ile ni hadithi ya farasi aliyepelekwa vitani. Wewe hujapeleka farasi popote. Ukichukua farasi wao unabaki na mbao na kitambaa, na mhadhiri wako atakuwa sahihi.

Pasaka akaenda nyumbani kwa shosho yake. Nimeruhusiwa kuandika hii sehemu kwa masharti: hakuna jina, hakuna kaunti. Shosho ni mzaa mama, na kumbukumbu zimekuwa zikimtoroka kwa miaka kama mitatu. Anamwita beste yangu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Siku zingine anauliza kama mzee amerudi kutoka kazini, na mzee alizikwa kabla yetu kuzaliwa.

Asubuhi ya Jumapili walikuwa wanamtoa kitandani wamvalishe aende kanisani. Mjomba mkubwa alimshika kichwa na mkono wa kulia. Mama akashika mkono wa kushoto. Mjomba mdogo akapiga magoti akashika miguu, akaishusha mmoja mmoja ndani ya viatu. Hakuna aliyeongea. Watu watatu, mwili mmoja, na shosho akiangalia mbele kama yeye ndiye anayetembea.

Kama hujawahi kuona Bunraku hutaelewa kwa nini beste yangu alilazimika kutoka nje. Bunraku hufanywa hivyo hivyo. Mkubwa wao anaendesha kichwa na mkono wa kulia, wa pili anaendesha mkono wa kushoto, wa tatu yuko chini kwa miguu. Ni zile zile nafasi. Alikuwa amezitazama siku tatu kwa kioo cha simu akifikiri ni ufundi wa Japani, na kumbe kila asubuhi zinafanyika kwa chumba cha shosho yake.

Lakini hicho si ndicho kilimfanya alie. Kilichomliza ni mkono.

Mwaka jana, usiku, stima zikiwa zimepotea, mjomba mkubwa alikuja na karatasi. Akasema ni za matibabu. Akachukua mkono wa shosho, kidole gumba, wino, akabonyeza. Mara tatu, kurasa tatu. Shosho akasema asante. Baadaye ikajulikana zilikuwa za shamba. Na mtu aliyekuwa ameshika tochi ya simu ili mjomba aone mahali pa kubonyeza alikuwa beste yangu. Hakujua. Lakini alishika tochi.

Alirudi Nairobi Jumatatu na mchezo mzima kichwani.

Sasa swali ambalo naulizwa kila nikiongea kuhusu hii kitu: kwa nini asichukue tu mwigizaji? Amvalishe leso, ampe bakora, stori iendelee.

Nitajibu kwa kujianika. Video yangu iliyotazamwa zaidi tangu nianze ni mimi nimejifunga leso, nimeinama, natoa sauti ya kukwaruza, naitana "wewe kijana, kuja hapa." Mnaijua. Mliitumiana hadi shangazi yangu akaipata kwa kikundi cha kanisa. Sijutii sana, ilinilipia kodi ya nyumba miezi miwili. Lakini ndio shida yenyewe. Kwa nchi hii kijana akivaa leso akainama, watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Tumewafundisha hivyo, mimi nikiwa mmoja wa walimu. Ukiweka huyo mtu jukwaani kwa ile sehemu ya kidole gumba, mtu nyuma ya ukumbi atacheka, na mchezo utakuwa umekufa.

Kikaragosi hakijifanyi mzee. Hakina ujana wa kuficha. Na kuna kitu kingine ambacho mwigizaji hawezi kukupa hata awe nani: mwigizaji akishikwa mkono na kubonyezwa kwa karatasi, unajua ameamua kuulegeza huo mkono. Kikaragosi hakijaamua chochote. Mkono wake kweli si wake.

Afrika Kusini walilielewa hili mapema. 1997, Tume ya Ukweli ikiwa bado inasikiza watu, kampuni ya Handspring, hao hao waliotengeneza farasi wa War Horse miaka kumi baadaye, walifanya mchezo unaitwa Ubu and the Truth Commission. Jane Taylor aliuandika, William Kentridge akauongoza. Ubu, mkubwa aliyetesa watu, alichezwa na mwigizaji wa damu na nyama. Mashahidi, mama waliopoteza watoto, walikuwa vikaragosi vya mbao, na maneno yao yalitoka kwa ushahidi wa kweli uliotolewa mbele ya tume. Mimi naona sababu. Mtu hai aliyekaa kwa kile kiti alikuwa na machungu yake. Nani ana haki ya kuyalia kwa niaba yake kila Ijumaa saa moja jioni? Mbao hazijidai. Sisi pia tulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ripoti ikatoka 2013. Ni kurasa nyingi sana. Nangoja mtu azibebe hadi jukwaani.

Basi tukaanza kutengeneza shosho. Nasema "tuka" kwa sababu mazoezi yalihamia bedsita yangu. Ukumbi wa chuo una wenyewe, na wenyewe hawakutaka kusikia. Kitanda kilikaa koridoni siku nne. Jirani alidhani nahama na deni.

Bajeti ilikuwa shilingi 4,500. Sponji tulitoa kwa godoro kuukuu la Gikomba. Kichwa ni magazeti ya zamani na gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, unakausha, unaongeza. Mabega ni hanga ya nguo. Fundi mmoja wa Kamukunji alitukunjia waya za mikono kwa 600, na akauliza maswali mengi kuliko mhadhiri. Miguuni tuliweka vifuko vya mchanga, kwa sababu kikaragosi chepesi kinaelea, na mzee haelei. Ardhi inamvuta.

Kichwa cha kwanza kilikuwa kinatabasamu. Kibaya sana. Uso ukitabasamu, unatabasamu hata kwa matanga. Akakivunja akatengeneza kingine kisicho na hisia yoyote, macho tu na mdomo umefungwa. Na hapo niliona uchawi kwa macho yangu: ukiinamisha kile kichwa kidogo, kina huzuni. Ukikiinua, kinatumaini. Hakuna kilichobadilika ila mwanga na pembe. Mikono aliifanya mikubwa kuliko kawaida, ya gunia, makusudi. Gumba lake unaliona hadi safu ya mwisho.

Halafu pumzi. Hii ndiyo sehemu ambayo ningetamani yule mhadhiri angekuja kwa bedsita aione. Wale watatu walikaa saa mbili wakijifunza kumpumulisha. Mabega juu kidogo, subiri, chini. Juu, subiri, chini. Wote pamoja, bila kuhesabu kwa sauti. Hakuna anayeangalia watu. Wote wanaangalia kikaragosi, kwa sababu pale macho yao yanakwenda ndipo na yako yanakwenda. Mara ya kwanza ilikuwa fujo, shosho alipumua kama mtu amekimbizwa na mbwa. Mara ya ishirini hivi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai, na nikajikuta nimeiweka chini taratibu. Ili nisimwamshe. Karatasi na sponji, na mimi naogopa kupiga kelele.

Siku hiyo walipofika sehemu ya kidole gumba, mwenye kushika kichwa na mkono wa kulia, ambaye kwa mchezo ndiye mjomba, alifanya kosa. Alipopeleka mkono kwa karatasi alisahau kupumua. Yaani mabega yakasimama. Kikawa kitu. Sekunde moja hivi. Halafu akakumbuka na kikarudi kuwa mtu. Beste yangu akasema, "Acha hivyo hivyo. Kila mara." Hilo halikutoka Osaka wala London.

Lazima niseme pia kile hatukukubaliana. Nilitaka kurekodi. Bila shaka nilitaka, ndiyo kazi yangu. Sekunde 40 za hiyo sehemu zingefika mbali kuliko kitu chochote nimewahi kupakia, na nilimwambia hivyo, nikaongeza eti itasaidia tikiti. Akakataa. Akasema kwa ukumbi watu 60 watakaa gizani na shosho dakika 40 nzima. Kwa simu watakutana naye kati ya mtu anacheza densi na mtu anauza wigi. Nikakasirika. Nilimwambia anajidai. Tulinyamaziana siku tatu, na hiyo miezi yote sijawahi kuwa kwa upande usio sahihi kama hizo siku tatu, ingawa bado naamini klipu ndogo tu ya mikono haingeua mtu.

Swali gumu zaidi ni la familia. Ana haki? Shosho hawezi kutoa ruhusa. Hata kama angesema ndiyo, tumeshaona ndiyo yake inavyochukuliwa. Kuna watu watasema mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Mimi nasema yakibaki nyumbani anayefaidi ni yule mwenye karatasi. Lakini sitaki mwongozaji ambaye haogopi hata kidogo. Yeye anaogopa. Amebadilisha kijiji, amebadilisha shamba likawa ploti, amemgeuza mjomba kuwa binti mkubwa. Kitu kimoja tu hajabadilisha. Ile sehemu inachezwa taa zote zimezimwa, kwa mwanga wa tochi ya simu, na anayeshika tochi ni mwongozaji mwenyewe, amesimama hapo jukwaani, uso wake unaonekana. Nilimuuliza mbona asimpe mtu mwingine. Hakunijibu.

Mama yake anajua. Alimwambia kwa simu wiki jana, yote, hadi tochi. Mama alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na kwa huo mchezo, mimi nimeshika wapi?" Akaambiwa mkono wa kushoto. Akasema sawa. Hajasema kama atakuja.

Onyesho ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni, na mhadhiri atakuwa safu ya kwanza na karatasi yake ya alama. Shida iliyobaki ni miguu. Kijana aliyekuwa anashika miguu ameumia mgongo, kwa sababu dakika 40 ukiwa umekunjama si mchezo, na huko Japani husemwa mtu hukaa kwa miguu hata miaka 10 kabla apewe mkono. Sisi tuna siku tisa. Kama uko Nairobi, magoti yako ni mazima na unaweza kukaa kimya, niandikie. Nauli ipo. Chai ipo. Hutaonekana uso.